Bafta ya Waride

Wakubwa wakija kwetu hawasahau maji ya chupa. Hilo naliandika mwanzo kabisa, ili msomaji wa mbali asije akadhani mimi Kibwana nina lawama za uzee tu. Siku ile walikuja Mohoro na magari mawili, jenereta, spika ndefu kupita mtu, na mashine ya kurusha picha ukutani waliyoiviringisha blanketi kama kichanga. Projekta, wenyewe wanaiita. Maji ya chupa yalishushwa katoni baada ya katoni. Walichosahau ni kitambaa cheupe cha kuonyeshea hiyo picha.

Na mimi picha hiyo nilikuwa naisubiri kama mtu anavyomsubiri mgonjwa wake nje ya chumba cha upasuaji.

Mke wangu Waride alichukuliwa na maji mwaka ule wa mafuriko makubwa. Alirudi shambani na mtumbwi kuokoa mbegu, mtumbwi ukapinduka kwenye mkondo, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Wako wanaosema kafika huko chini kwenye mikoko, mto unakojigawa vijito hata mwenyewe usijue ni kipi kinakwenda baharini. Tulimswalia bila maiti. Tahadhari ilitufikia maji yakiwa magotini. Wenye magari ya ving'ora walikuwa wapi, waulizwe wao, miye nimeuliza mpaka nimechoka. Nyumba ilikwenda, mpunga ulikwenda. Kitambulisho chake, chenye picha yake moja tu aliyopata kupigwa, alikuwa amekifunga kibindoni. Kikaenda naye.

Ukikaa na mkeo umri mzima hujui kwamba uso wake hujaushika. Unadhani unao. Kumbe ulikuwa unauazima kila asubuhi. Mimi ulianza kunitoka vipande vipande, masikio kwanza, kisha namna mdomo ulivyokaa akiwa amekasirika, na mwisho nikabaki na khanga inayotembea uani na kikohozi nyuma yake.

Ndipo alipokuja Saadi, kaka yake Waride, anayekaa Nyamwage pale barabarani. Alikuja na pikipiki ya kukodi, hata salamu hakumaliza.

"Shemeji, nimemwona Waride."

"Saadi, usinichezee."

"Nakuapia! Watu wa mradi wa mpunga walikuja kwetu jana na sinema. Ile waliyoipiga kabla ya maji. Waride yumo. Kainama anapandikiza, halafu anageuka, anawatazama watu, anacheka, anasema neno."

"Neno gani?"

"Sikusikia. Jenereta lao linapiga kelele kama mashine ya kukoboa."

"Na uso unaonekana?"

"Wote. Mpaka lile pengo lake."

Pengo! Wallahi nilikuwa nimelisahau. Waride alikuwa na pengo la jino la mbele, na mimi niliyekula naye sahani moja sikukumbuka tena lilikuwa upande gani.

"Kulia au kushoto?" nikamuuliza.

"Ah, shemeji! Mtu anamwona dada yake aliyekufa anacheka, ataanza kuhesabu meno?"

Siku waliyompiga picha hiyo sikuwepo. Nilikuwa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, nawafukuza ndege katika shamba letu la pili. Jioni Waride akaniambia, "Leo nimepigwa sinema na wakubwa." Nikamwambia, "Basi watakula kwa picha yako." Tukacheka. Ikapita. Sasa Nyamwage nzima imemwona, hata wauza korosho wa stendi wamemwona, na mumewe bado.

Saadi akasema kutoka kwao msafara unakuja Mohoro. Nikaanza kusubiri.

Walichagua ghala la mpunga, maana sinema inataka giza na wakubwa wanataka kurudi Kibiti kabla jua halijazama. Ghala lenyewe lilikuwa tupu. Mpunga wa kulijaza ungetoka wapi, na mashamba sasa ni mchanga? Baada ya swala ya adhuhuri watu wakaingia, wanawake upande huu, wanaume upande ule, madirisha yakazibwa kwa mikeka. Mimi niliingia kabla ya adhana, nikamsaidia fundi kubeba, nikakaa chini kando ya mashine yake nisije nikanyang'anywa nafasi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Hanifa, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kilemba. Akaiwasha mashine kuijaribu. Mwanga ukapiga ukuta wa ghala, na ukuta ukaumeza. Matofali mekundu, na kutoka kifuani kwenda chini tope la mafuriko ambalo hakuna aliyelipaka chokaa. Ilionekana kama mtu kamwaga chai.

"Pazia liko wapi?" Hanifa akauliza.

Mkubwa wa msafara, Bwana Bashiru, afisa wa mradi, akamtazama dereva. Dereva akatazama gari. Pazia lilikuwa limebaki Kibiti, nyuma ya mlango wa ofisi.

Wakatuma watu kutafuta shuka. Shuka jeupe Mohoro ya leo? Tuligawiwa mablanketi ya kijivu, basi. Mtu mmoja akaleta shuka la maua. Wakalijaribu, na uso wa Bwana Bashiru, maana sinema inaanza na yeye, ukatokea na waridi kubwa kwenye paji la uso na jani mdomoni. Ghala zima likaangua kicheko.

"Mbuzi huyo kala bustani!" akapiga kelele Bi Mwanajuma kutoka upande wa wanawake. Huyu Bi Mwanajuma ndiye muosha maiti wa kike wa hapa kwetu, na mtu aliyezoea maiti haogopi afisa.

Bwana Bashiru hakucheka. Akaamuru shuka litolewe, akatoka nje kupiga simu.

Nikabaki na Hanifa. Mwanga ulikuwa bado unawaka ukutani, mweupe mtupu. Nikapitisha mkono mbele yake haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi, nikashtuka. Vidole vyangu viliacha vivuli vya rangi, kimoja chekundu, kimoja kijani, kimoja buluu.

"Hizi rangi zinatoka wapi, mwanangu? Mbona mwanga ni mweupe?"

Hanifa akacheka. "Si mweupe, baba. Ndani mna kisahani cha vioo vya rangi, kinazunguka mbele ya taa. Unakuja mwekundu, unakuja wa kijani, unakuja wa buluu, mmoja mmoja. Lakini mbio sana, jicho haliwezi kuzitenga. Umepitisha mkono ndiyo maana umeziona."

"Kwa hiyo mtu mzima mzima hayupo pale ukutani?"

"Hayupo hata mara moja. Anakuja mwekundu peke yake, akitoka anakuja wa kijani. Wewe ndiye unayemkusanya."

Hilo nililielewa bila kusoma. Tangu maji yapite nilikuwa nakusanya.

"Na sura yenyewe inajichoraje?"

Akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. "Kuna kidude kama hiki, kimejaa vioo vidogo kuliko vumbi, malaki kwa malaki. Kila kioo ni nukta moja ya picha. Kikilala upande huu, kinatupa mwanga nje, unaona nukta inang'aa. Kikilala upande ule, unaona nukta nyeusi."

"Kwenye nyeusi taa inazimwa."

"Hapana, baba. Taa haizimwi. Inawaka vile vile muda wote. Kioo tu kimekugeuzia kisogo."

"Na ule mwanga usiotufikia unakwenda wapi?"

"Unabaki humo humo ndani, unakuwa joto. Lile feni unalolisikia, kazi yake ni kulitoa."

Nilikaa na maneno hayo. Miaka yote najiuliza kwa nini Mohoro tunakaa gizani, nikidhani taa yao haina nguvu ya kufika huku. Kumbe taa inawaka. Mbele yake wamekaa wenye kugeuza visogo, na kinachobaki kinawapasha joto wao kwa wao. Sikumwambia Hanifa. Yeye ni mwajiriwa, ana watoto.

Bwana Bashiru akarudi, simu mkononi. "Ndugu wananchi, tunaahirisha. Tutakuja siku nyingine na pazia letu."

Watu wakaanza kukung'uta khanga. Tunajua hiyo siku nyingine. Boti ya kuokolea watu nayo iliahidiwa siku nyingine.

Nikasimama. "Bwana Afisa, kitambaa ninacho. Cheupe, kirefu. Nipe muda wa kwenda na kurudi."

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu mzima hununua sanda yake akiwa hai, asije akawatia watoto mashakani. Waride alizinunua zetu zote mbili siku moja, bafta safi, kile kitambaa cheupe cha pamba, akazifukiza udi, akatia karafuu maiti kati ya mikunjo, akazifunga kila moja peke yake. Na sisi watu wa bondeni hatuweki sanda bondeni, maana mto hauna adabu. Zilikaa kwa Saadi, Nyamwage, mpaka nilipopata kibanda hiki cha mwinuko nikazichukua. Kwa hiyo maji yalibeba kila tulichokitumia tukiwa hai, yakatuachia vya kuvaa tukifa.

Ya kwangu nitaihitaji. Ya Waride itamvika nani? Nilifungua sanduku nikaitoa yake. Na niseme kweli, njiani nikirudi niliona ni haki. Bafta ni yake, uso ni wake. Kama hawakukutana kaburini, wakutane ghalani.

Harufu sikuisikia. Nimelala na sanduku lile pembeni ya kitanda tangu nihamie kibandani, pua yangu imeshalizoea.

"Kitambaa kizuri, baba," Hanifa akasema. "Cha nini?"

"Cha nyumbani."

Dereva akataka kukikata katikati kiwe vipande viwili.

"Hakikatwi!" nikamkemea. Sanda hukatwa siku yake.

Basi wakakikunja, upande juu ya upande, wakakipigilia ukutani kwa misumari. Kila nyundo ilipolia nilihesabu tundu jingine. Lakini kilipowambwa kilikaa vizuri. Bwana Bashiru akanipiga bega, akasema, "Hawa ndio wazee wa maendeleo tunaowataka." Akanipa chupa ya maji.

Mlango ukafungwa. Giza. Jenereta likanguruma nje, na sinema ikaanza.

Alianza Bwana Bashiru mwenyewe, safari hii bila waridi. Akafuata mwenzake mwenye tai, akafuata mwingine, wote wanasifia mbegu. Kisha yakaja mashamba yetu. Mpunga ulikuwa wa kijani mpaka mtu unataka kuuingia, na kila aliyekaa pale alikuwa anatafuta jaruba lake. "Lile langu! Lile pale, penye mnazi!" mtu akasema, na sauti ikamkatika, kwa sababu mnazi haupo na jaruba halipo.

Joto likapanda. Bati juu, watu wamebanana, mikeka madirishani, mashine inapuliza joto lake juu yetu. Nilikuwa natokwa jasho lakini sikuthubutu kujifuta, nisije nikafunika macho wakati wake ukafika.

Ukafika. Mgongo kwanza. Kainama majini, khanga imefungwa kifuani kwa lile fundo lake la pembeni ambalo sikuliona kwa mwanamke mwingine yeyote. Mkono unachoma miche, unarudi nyuma, unachoma. Niliijua ile miguu. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, geuka, mama, geuka nikuone.

Ndipo Bi Mwanajuma aliposema katika giza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza nani kaunguza wali:

"Jamani, humu kuna maiti?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Nikamsikia ananusa.

"Karafuu maiti hiyo. Nani kaja na karafuu maiti humu?" Akasimama, kivuli chake kikaingia kwenye picha. Akakisogelea kitambaa, akakishika ukingo, akakipeleka puani. Kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa anapandikiza mpunga juu yake.

"La ilaha illallah! Hii sanda! Hii sanda, na huyu ni Waride! Waride yumo ndani ya sanda yake!"

Nani angebaki? Wanawake waliinuka wote kwa pamoja, na wanaume waliojifanya kuwatuliza waliwapita mlangoni. Mtu anaita mwanawe, mtu anasoma Ayatul Kursiyy, mtu kaangusha spika. Mimi nilibaki palepale, macho yangu juu ya bafta. Mgongo ulikuwa unanyooka. Bega lilikuwa linageuka.

"Mlango!" nikapiga kelele. "Msifungue mlango!"

Mlango wa ghala ni mpana, wa kuingiza gari. Ukafunguka wote, na jua la alasiri likaingia.

Picha haikuzimika. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi yake, taa inawaka, vioo vinageuka, rangi zinazunguka. Waride alikuwa pale, kanigeukia, ananitazama, anacheka, anasema neno lake. Najua alikuwa pale. Na mimi nilikuwa natazama bafta nyeupe, yenye misumari, inayong'aa kwa jua. Labda niliona madoa mawili hafifu penye macho. Labda niliyataka tu. Midomo ya watu mlangoni ilikuwa wazi kwa kelele, na sauti ya Waride, kama ilitoka kwenye spika, mimi sikuisikia.

Nikamrukia Hanifa. "Rudisha! Rudisha nyuma, funga mlango, rudisha!"

"Narudisha, baba, tulia—"

Bwana Bashiru akaja mbio, kilemba cha mtu kimemnasa kiatuni. "Zima! Zima kabla hawajatuchomea gari!"

"Bosi, haizimwi hivyo, taa ni ya moto, lazima feni—"

Akauvuta waya. Akauvuta kwa mikono miwili kama anayevuta mbuzi. Feni likanyamaza, na ndani ya mashine kikalia kitu kidogo, tii, kama glasi uliyoimiminia chai ya moto.

Hanifa akavua miwani. "Umeiua taa, bosi."

"Basi twende zetu."

Akachomoa ubavuni mwa mashine kijiti kidogo kinachobeba sinema, akakitia mfukoni. Nikamshika mkono. Nikamwambia, huyo ni mke wangu, sina picha yake, nionyeshe hata kwenye simu. Akautoa mkono wangu, taratibu, kwa adabu za ofisini.

"Njoo Kibiti, mzee wangu. Ofisini tutakusaidia."

Wakapakia. Maji ya chupa yaliyobaki wakayapakia vilevile.

Mohoro kulikuwa na maneno. Wengine walinikwepa msikitini. Bi Mwanajuma alikuja kibandani kwangu jioni, akasimama nje.

"Weye Kibwana, una wazimu? Sanda unaiwamba kuonyeshea sinema?"

"Wangekuja na pazia lao, ungenusa nini?"

"Nalo hilo kweli," akasema, akaenda zake.

Nilikwenda Kibiti. Nilikwenda tena, na tena, maana Bwana Bashiru alikuwa ama semina, ama Dar es Salaam, ama ndiyo kwanza katoka. Mwisho nikamkuta. Nyuma ya mlango wa ofisi yake pazia jeupe lilikuwa limesimama, limekunjwa, na hata vumbi halina. Akaniweka kwenye kiti, akageuza kompyuta yake inielekee, akaiwasha sinema. Nilishika magoti. Akaja yeye, akaja mwenye tai, likaja shamba la kijani, halafu likaja gunia limejaa, na watu wanapiga makofi.

"Na mwanamke?" nikasema. "Kati ya shamba na gunia kuna mwanamke."

"Tulimwondoa, mzee." Alisema kama mtu anayeleta habari njema. "Baada ya yale ya Mohoro wananchi walilalamika kuonyeshwa marehemu. Sisi ni watu wa kusikiliza. Tukakifuta kile kipande."

"Mmekifuta mkakiweka wapi?"

"Kufutwa ni kufutwa, mzee wangu."

Kumbe wanajua kusikiliza. Tulipolia boti hawakusikia, tulipolia maji yanakuja hawakusikia. Siku walipotusikia ndiyo hiyo.

Nje nilimkuta Hanifa, kakaa kwenye ngazi na ile mashine mapajani, anaifuta vumbi. Taa mpya haijaja. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, wewe umeizungusha sinema ile vijiji vyote. Nyamwage ulikuwepo, Mchukwi ulikuwepo. Yule mama anayegeuka. Ana pengo. Nataka uniambie jambo moja tu. Pengo liko kulia au kushoto?"

Nikaona anatafuta, kweli anatafuta, na macho yake yanajaa maji.

"Baba, nisikudanganye," akasema. "Ikishaanza, mimi naangalia mashine. Picha siitazamagi."

Nikampa mkono, nikaondoka.

Bafta nimeifua, nikaianika, nikaikunja kwa mikunjo yake ile ile. Karafuu maiti imegoma kutoka. Matundu ya misumari yako pale pale kwenye kingo, na Bi Mwanajuma anasema sanda yenye matundu haifai kumzika mtu. Nimemwambia atulie. Hii haina wa kumzika.